Koti la Januari la Mama Akidi

Tarehe 31 Desemba mwaka huu, Mama Karolina Akidi anastaafu baada ya miaka ishirini na nane ya kukata vitambaa katika Ushirika wetu wa Mafundi Cherehani, hapa Naguru. Mwenyekiti wetu, Bi Rukiah Yasiin, ameniomba mimi, Filipo Ogwal, niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe, kwa kuwa nimekuwa msaidizi wa Mama Akidi kwenye meza ya kukatia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbushwa. Ameniomba niandike kwa moyo mweupe. Nitajitahidi. Lakini Mama Akidi mwenyewe ataisoma karatasi hii akiwa amekaa mbele yetu na soda mkononi, na kwa kuwa hadanganyiki, afadhali niseme mapema: huyu mama namwonea wivu, na wivu wenyewe si wa jana.

Si kwa sababu ya mkasi wake, ingawa ni mkasi mzuri. Wala si kwa sababu wateja wakiingia humsalimia yeye kwanza na mimi baadaye, wakinikumbuka. Namwonea wivu kwa sababu kila mwaka unapokwisha, wakati sisi wote tunahangaika, yeye analala usingizi. Tunasali kanisa moja, na mara nyingi benchi moja. Mimi ndiye kiongozi wa kwaya. Mimi ndiye nasimama mbele ya watu na kuimba kwamba Mungu hatatuacha, kisha narudi nyumbani kukagua makufuli, na nikishayakagua nayakagua tena. Yeye anaimba nyuma kabisa, mara nyingi akiwa ameupoteza wimbo, halafu anakwenda zake kulala. Nimemuuliza Mungu mara nyingi kama hilo ni haki. Hajanijibu.

Basi turudi kwenye wasifu, maana mwenyekiti alinionya nisijiandike mimi.

Mama Akidi alikuja Kampala kutoka kaskazini akiwa mke wa askari polisi, marehemu Konstebo Okwir. Alianza hapa kwa kushona vifungo. Kutoka vifungo akaenda kwenye pindo, kutoka pindo kwenye kola, na kabla wengine hatujajua kinachoendelea akawa amesimama kwenye meza ya kukatia. Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii, niwaeleze. Mshonaji akikosea, anafumua na kuanza upya. Mkataji akikosea, hakuna cha kufumua, kitambaa ndiyo kimekwenda. Ndiyo maana mimi hupima mara tatu, nikaweka chaki, nikaifuta, nikapima tena. Mama Akidi hupima mara moja, anakohoa kidogo, anakata. Kikohozi hicho nimejaribu kukiiga. Hakisaidii.

Amekata sare za walinzi, za wanafunzi, za bendi za harusi, na kanzu za mashekhe na za mapadri. Kuna padri mmoja mnene ambaye kanzu yake ilitoka fupi, soksi zikawa zinaonekana mpaka juu. Padri alikasirika. Mama Akidi alimtazama soksi, akamsifia rangi, akamuuliza ni nani aliyemnunulia, na mwisho padri aliondoka anacheka na kanzu yake ile ile fupi. Ningekuwa mimi nimekosea hivyo, ningeomba radhi wiki nzima na bado ningenyimwa salamu kanisani. Chai yake nayo mnaijua. Anaitia tangawizi mpaka wageni wanatoa machozi, na bado wanaomba kikombe cha pili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu bila hilo Mama Akidi hajaelezwa.

Kazi inayotulisha hapa ni sare za walinzi. Kampuni ya ulinzi inayotupa kazi hiyo hutoa mkataba wa mwaka mmoja tu. Kila Desemba mkataba unakufa, na jibu la mwaka mpya linakuja Januari, kama linakuja. Kwa hiyo nyumba nyingi za hapa Naguru, na Kisugu, mpaka kule Luzira, zinakula Krismasi huku akili iko Januari. Watoto wanataka viatu vya shule, na baba na mama hawajui kama watakuwa na kazi. Mwaka mmoja, miaka mingi iliyopita, kampuni ilitangaza kwamba haina hakika kama itatuhitaji tena. Siku ya mwisho ya kazi tulifunika cherehani kwa mashuka kama vile tunafunika maiti. Mimi nilikuwa nakunja mabaki ya kitambaa cha kaki niyaweke kabatini, na Mama Akidi akanishika mkono. Alisema nisiiache meza tupu. Akayakunjua mabaki yale, akachukua mkasi, akakata koti.

Koti la nani? Hakuna aliyejua. Hakukuwa na oda, hakukuwa na mtu, hakukuwa na kipimo. Alipomaliza kukata aliweka viganja vyake viwili juu ya vipande, na akaomba dua fupi kuliko zote nilizowahi kusikia:

“Baba, kitambaa ndiyo hii. Mwenyewe iko kwako. Sisi tuko hapa.”

Akajiitikia amina, akavishikiza vipande kwa uzi wa mkono, akalitundika koti kwenye msumari karibu na mlango, akaenda nyumbani. Januari ilikuwa ndefu mwaka ule, na jibu lilichelewa mpaka tukaanza kukwepana njiani. Lakini lilikuja. Na kati ya walinzi wapya alikuwako mmoja anaitwa Ocaya, mrefu wa ajabu, ambaye hakuna koti lililomfika viganjani. Akajaribu lile la kwenye msumari. Likamkaa.

Tangu hapo imekuwa desturi ya karakana yetu. Siku ya mwisho ya kazi, cherehani zikishafutwa mafuta na kabla ya pilau, mkataji mkuu anakata koti la Januari kutoka kwenye mabaki ya mwaka. Wakristo tunasema amina, kina Bi Rukiah wanasema amin yao, koti linatundikwa, tunakula.

Sitaki mgeni aondoke hapa akifikiri Mama Akidi ni mganga. Haikuwa kila mwaka koti linampata Ocaya wake. Mara nyingine lilimkaa mtu hivi hivi tu, likapunguzwa hapa na pale. Na lile alilolikata kabla ya mwaka wa korona halikuvaliwa na mtu yeyote. Lilikaa kwenye msumari likala vumbi, mji umefungwa, sisi tuko majumbani. Nakiri kwamba nililitazama koti lile kwa furaha fulani mbaya. Nilisema moyoni, leo Mama Akidi ataonja tunachokionja sisi. Siku tuliporuhusiwa kurudi, kazi ya kwanza iliyopatikana ilikuwa barakoa, na kitambaa hakuna madukani. Mama Akidi akalishusha koti, akalifumua lote, akakata barakoa za kaki. Alikuwa anacheka peke yake.

“Mimi nilikata koti,” alisema, “kumbe Mungu iko nataka barakoa.”

Roho iliniuma. Hata kushindwa kwake kulikuwa na raha kuliko kushinda kwangu.

Bi Rukiah ananijua. Desemba moja alinikuta nyuma ya karakana nasali kwa mara ya sijui ngapi asubuhi ile, kofia mkononi, jasho linanitoka. Akaniambia, “Ogwal, wewe nasumbua Mungu sana bana. Wacha naye afanye kazi kidogo.” Alicheka, nami nikacheka, lakini lilinichoma. Mimi kila Januari ndiye wa kwanza kufika kwenye mlango wa karakana, na watu husema Ogwal ana bidii. Si bidii. Ni kwamba sikulala, na mtu asiyelala atafanya nini kitandani? Nafika, nakaa kwenye ngazi na ufunguo mkononi, najiuliza kama mwaka huu utatuua. Baadaye kidogo anatokea Mama Akidi kutoka chini ya kilima, amelala akatosheka, chupa ya chai kwapani, ananisalimia kama mtu anayekwenda sokoni. Siku hizo ndizo nilikuwa namwonea gere hasa. Nilikuwa najiambia: Mungu ni yule yule mmoja, mbona huyu amempa moyo wa namna hii na mimi akanipa huu?

Mwaka huu mambo yamekuwa mabaya kuliko mwaka ule wa kwanza, na hakuna asiyejua. Kampuni imesema inafikiria kununua sare zilizoshonwa tayari, zinazoletwa na makontena kutoka nchi za mbali. Watatupa jibu Januari. Wakikubali makontena, ushirika huu wa mama zetu hautakuwa na kazi ya kutosha hata nusu ya cherehani zilizopo. Na mtu ambaye angetukatia koti na kutuombea anaondoka. Siwezi kumlaumu kwa kuzeeka. Nimejaribu.

Yeye mwenyewe haendi kwenye raha, msije mkafikiri hivyo. Chumba alichokuwa amepanga hapa Naguru mwenye nyumba amekitaka, na Mama Akidi anahamia kwenye nyumba ambayo yeye na marehemu mumewe waliianza Kisugu. Nilikwenda kumsaidia kubeba vitu. Nyumba ina kuta, ina paa, haina milango. Sio kwamba milango ni mibovu. Haipo. Mlango wa mbele ametundika kitenge, wa nyuma ametundika kitenge kingine, na kile cha mbele, alinieleza bila aibu, ndicho kizuri zaidi kwa sababu ya wageni. Nilimuuliza atalalaje. Akanitazama kama mtu asiyelielewa swali.

“Paa ilikuja,” alisema. “Mlango nayo itakuja.”

Mimi nina milango miwili ya chuma na mbwa.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kazi. Cherehani zilifutwa, pilau ilikuwa tayari inanukia, na sote tukasogea kwenye meza kumwona Mama Akidi akikata koti lake la mwisho. Alikuwa ameyatandaza mabaki ya kaki. Yalikuwa machache mwaka huu, yanatosha koti moja na hakuna ziada. Akachukua mkasi, akaugeuza, akanipa mimi upande wa mpini.

Nilikataa. Mbele ya watu wote nilikataa. Miaka yote nimeutaka mkasi ule, na siku napewa naurudisha mezani. Akasema, “Mimi nilikata ya miaka yangu. Hii ya mwaka kesho si yangu, ni yenu. Kata.”

Nikakata. Mgongo ulitoka vizuri. Vipande vya mbele vilitoka vizuri, na kola pia. Nikakata mkono wa kushoto. Sasa naomba wageni wanifuate. Kitambaa kikiwa kizima, unakikunja na mikono yote miwili inatoka kwa mkato mmoja. Yakiwa mabaki, unakata mkono mmoja, unaigeuza ile karatasi ngumu ya kupimia, ndipo unakata wa pili. Kuigeuza karatasi ni somo analopewa mwanafunzi wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nasali. Nilikuwa namwambia Mungu kwamba huyu mama anaondoka, kwamba makontena yanakuja, kwamba sijui hata nianzie wapi. Nikakata mkono wa pili bila kuigeuza karatasi. Nilipoinua kichwa nikaona mikono miwili ya kushoto, na meza haina kitambaa tena. Kaki yetu ina uso na ina mgongo, kwa hiyo huwezi kuipindua ukamdanganya mtu.

Bi Rukiah alishika kichwa. Mmoja wa mafundi alianza kulia, na simlaumu, kwa sababu sote tulilichukua koti lile kuwa ndiyo mwaka wenyewe. Nikasema kwa sauti kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiri, kwamba nimeuharibu mwaka.

Mama Akidi alichukua mkono wa pili wa kushoto, akauinua kwenye mwanga, akauangalia. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi alifuta macho na akasema:

“Tundika hivyo hivyo. Kitambaa ya mkono ya kulia iko na Januari. Mungu aliacha ikae huko.”

Tukavishikiza vipande. Likawa koti lenye mkono mmoja na upande mmoja tundu. Nikamwomba afanye dua, akakataa. Alisema aliyekata ndiye anayeomba. Mimi, kiongozi wa kwaya, mtu wa sala ndefu zenye aya na mizunguko, nikaweka viganja juu ya koti na sikuona neno hata moja kinywani. Basi nikaazima ya kwake. Nikasema, Baba, kitambaa ndiyo hiki, kimepungua. Mwenyewe yuko kwako, na kilichobaki kiko kwako. Sisi tuko hapa. Watu wakaitikia kwa nguvu kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, na koti likatundikwa kwenye msumari wake. Liko pale mpaka sasa. Mnaweza kuligeukia mkaliona, lakini msiliguse.

Jioni nilimsindikiza Mama Akidi mpaka barabarani. Ule mkono wa ziada alikuwa ameukunja akautia kwenye mfuko wake, anasema ataufanya pazia la dirisha dogo la Kisugu. Niseme kweli, hata hilo pazia nilimwonea wivu. Ndipo nikaamua kumwambia yote, kwa kuwa siku zimekwisha. Nikamwambia jinsi ninavyomwonea wivu usingizi wake, kicheko chake, dua zake fupi, na ile asubuhi ya Januari anapotokea na chupa ya chai kama mtu ambaye ameshaoneshwa mwisho wa mwaka. Nilitegemea anipe pole. Badala yake alisimama, akaweka mfuko chini.

“Ogwal, hata mimi naona wewe wivu,” alisema. “Mimi Mungu alinipa usingizi bure. Mimi hapana jua hofu, sasa kuja kazini Januari ni kitu gani kwangu? Lakini wewe hapana lala, unaogopa mpaka asubuhi, na kila Januari mimi nakuta wewe kwa mlango, mbele yangu. Mimi ningekuwa na hofu kama ile yako, ningebaki kitandani. Ile ndiyo kuamini, bana. Yangu ni usingizi tu.”

Akachukua mfuko wake, akapanda bodaboda, akanipungia mkono. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa kwenye ngazi za karakana nikidhani ninaonesha jinsi nilivyo na imani ndogo.

Mwenyekiti aliposoma rasimu ya kwanza ya wasifu huu, ambayo niliiandika kabla ya Ijumaa, alisema ni nzuri lakini ina uchungu. Hii ni ya pili. Uchungu bado umo kidogo, kwa sababu mtu habadiliki kwa wiki moja, na huyu mama bado analala usingizi na mimi bado silali.

Kwa niaba ya Ushirika, tunamshukuru Mama Karolina Akidi kwa kila nguo iliyopita chini ya mkasi wake, kwa chai iliyotutuliza na kututoa machozi, kwa vicheko, na kwa kutufundisha kuacha kitu mezani kwa ajili ya Mungu hata pale ambapo hakuna aliyeagiza. Tunamwombea afya, milango miwili mizuri ya mbao, na majirani wema wa Kisugu watakaompenda kama tulivyompenda.

Na mimi binafsi, Mama, naomba jambo moja. Mwaka mpya ukiingia, huko kwenye nyumba yako ya vitenge, lala vizuri, na ulale kidogo kwa ajili yangu pia. Mimi nitakuwa macho. Sijui kama kazi itakuja, sijui kama makontena yatakuja, na naogopa kama nilivyoogopa miaka yote. Lakini ufunguo ninao, koti linangoja mkono wake wa kulia, na Jumatatu ya kwanza ya Januari, utakapokuwa bado umelala, nitakuwa nimekwishafika kwenye mlango.